Betri ya Kupitia Nyumbani

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mwendesha pikipiki aliyeitwa Kimya alisimama mbele ya kabati la kubadilishia betri, akainua kiti cha pikipiki yake, akageuza komeo, akavuta mpini. Betri ikatoka yote kwa mara moja, kilo kumi na mbili, bado ina joto la safari. Akaisukuma kwenye tundu lililokuwa wazi. Kabati likafikiri kidogo, likalia mara mbili, kisha mlango mdogo wa chini upande wa kushoto ukafunguka wenyewe. Ndani kulikuwa na betri iliyojaa, taa zake zote nne zikiwaka kijani. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 417.

Mama Kabati, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kabati hilo na kulifuta vumbi, alinyoosha shingo akasoma namba.

"Umepata ya kupitia nyumbani," alisema. "Saa kumi na mbili kasorobo, mwanangu. Usibebe abiria mwenye haraka."

"Ninajua."

"Unajua sana. Miezi minne unajua, na kila ikikuangukia unambambikia mwenzio."

Kimya akatazama huku na huku. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana, wenzake wote walikuwa wametawanyika na abiria, na pale kituoni hapakuwa na hata mmoja wa kumpa kisingizio kwamba mpini wa betri hii unambana au kwamba yeye anakwenda mbali. Akaichukua, akaitia mahali pake, akabonyeza mpaka ikalia.

Ni haki kusema kwamba waendesha pikipiki wa mji ule hawakuwa na ugomvi na betri za kutoa na kurudisha. Walizipenda. Ikikuishia chaji hukai nusu siku ukiisubiri kama mgonjwa. Unaitoa, unatia nyingine, unaondoka na chai yako bado ya moto. Jioni unapanda nayo ghorofani na pikipiki unaiacha uani, maana mwizi gani huyo atajisumbua kusukuma pikipiki iliyotolewa matumbo? Umeme ukikatika unachomeka taa. Kimya mwenyewe, aliyekaa ghorofa ya nne, chumba kimoja, dirisha moja, kiti kimoja, alikuwa na mazoea ya kuiweka betri upande wa pili wa meza wakati wa kula. Haikuwa mtu, lakini ilikuwa na joto, na taa zake zilimtazama. Hilo hakumwambia yeyote, na nani angemwambia?

Jambo moja tu walilizoea kwa shida: betri haikuwa ya mtu. Leo unayo wewe, kesho anayo mwingine, na kabati halikuulizi unaitaka ipi.

Betri namba 417 ilianza kupitia nyumbani miezi minne nyuma. Wa kwanza kuipata alikuwa mwendesha mmoja aliyeitwa Kocha, mtu mcheshi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa amembeba mama mwenye trei mbili za mayai. Ilipofika saa kumi na mbili kasorobo usukani ukajigeuza wenyewe kulia, na Kocha akamweleza abiria wake kwamba betri ina shughuli mahali.

"Shughuli yake siikatazi," yule mama alisema, "mayai yangu yasipasuke tu."

Hayakupasuka. Pikipiki iliwapeleka taratibu hadi nyumba moja ya ghorofa mbili nyuma ya duka la dobi, ikapiga honi, fupi, fupi, ndefu, na mwanamke mmoja akatoka na kitambaa mkononi. Alikuwa mjane wa Msemaji, mwendesha mwenzao aliyekufa ajalini akiwa na betri hiyohiyo. Aliinua kiti, akatoa betri, akaingia nayo ndani, akarudi nayo baada ya dakika kumi na mbili ikiwa imepungua taa moja. Hapo ndipo waendesha wote waliona jinsi betri ya kutoa ilivyo na faida. Ingekuwa imechomelewa humo ndani, ingembidi mwanamke wa watu azungumze na mumewe barabarani, kwenye mvua, huku majirani wanasikiliza.

Kocha aliiandikia kampuni. Kampuni ilijibu siku ya tatu kwamba mwendesha mwenye betri namba 417 anaruhusiwa kuchepuka kwa dakika kumi na tano, mradi asizidishe. Mama Kabati akaiandika habari hiyo kwenye karatasi, akaibandika kwa gundi juu ya kabati, na mambo yakaendelea.

Kocha vilevile ndiye aliyemletea Kimya habari iliyomnyima usingizi.

"Anakuulizia," alimwambia siku hiyo, akicheka kama kawaida yake.

"Nani?"

"Nani tena? Mwenye betri. Anasema ulimwambia unarudi. Ulikuwa unarudi wapi?"

"Sikumbuki," Kimya alisema. Alikumbuka vizuri kabisa.

Msemaji alianguka asubuhi, saa tatu na robo, kwenye kona ya ghala la saruji, mahali ambapo malori humwaga mchanga kila siku na hakuna anayeufagia. Simu ya Kimya ililia wakati huohuo. Ujumbe wa kampuni ulisema: Ajali. Wewe ndiye wa karibu. Linda betri kwanza. Kimya alifika kwa dakika mbili.

Amri ile ilikuwa na sababu yake, na Kimya angekuwa wa kwanza kuitetea. Betri iliyopigika inaweza kuwaka, na majeruhi aliyelala kando ya betri inayowaka ana taabu mbili badala ya moja. Kuitoa lilikuwa jambo la maana. Lakini kuitoa na kuiweka hatua ishirini kutoka pale kungetosha, na Kimya alikuwa amezihesabu hatua hizo kichwani kila siku kwa miezi minne. Ujumbe ulitaka zaidi. Ulitaka betri ifikishwe kabatini ndani ya dakika kumi, la sivyo simu ya kampuni ingezizima pikipiki zote mbili, ya aliyeanguka na ya aliyechelewa.

"Kimya, ni wewe?" Msemaji alisema pale chini. "Afadhali. Nimeona nimeanguka nikasema, akija mtu aje mwenye akili. Hebu kaa hapa."

Kimya aliinua pikipiki iliyokuwa imemlalia mguu, akafungua kiti, akageuza komeo, akavuta mpini. Betri ilitoka bila kikwazo, kama kampuni ilivyoitangaza.

"Narudi sasa hivi," alisema.

Kwenda alikwenda vizuri. Kurudi kulikuwa na foleni. Alipofika kwenye kona, mtu wa ghalani alikuwa ameshamfunika Msemaji uso kwa mfuko mtupu wa saruji. Betri ilikuwa salama. Saa mbili baadaye ilikuwa imejaa chaji na iko barabarani tena chini ya mtu mwingine.

Siku ya mazishi Kimya alimwambia mjane kwamba alimkuta mumewe ameshakata roho. Mjane alimshukuru kwa kufika haraka. Tangu hapo hakukanyaga tena nyumba ile.

Basi jioni hiyo ya mvua, saa kumi na mbili kasorobo, Kimya alikuwa peke yake kwenye barabara ya shule usukani ulipogeuka. Hakuushindania. Alilegeza mikono akaiacha pikipiki iende. Ilipita duka la dawa, ikapita mtu wa kuchapisha kadi, ikapunguza mwendo kwenye kila tuta kwa adabu ileile ya Msemaji, ambaye alikuwa na mdomo usiokaa kimya lakini mkono wa taratibu. Kwenye njia panda iliwasha taa ya kugeuka ingawa nyuma hapakuwa na mtu. Njia nzima Kimya alijizoeza sentensi moja: Shemeji, nilimkuta hai. Shemeji, nilimkuta hai. Alikuwa amepiga moyo konde. Atasema, liwalo na liwe, na akitukanwa atatukanwa.

Honi ikapigwa. Mjane akatoka na kitambaa chake, akatazama kofia, akamtazama aliyeivua.

"Leo ni wewe, shemeji."

"Ni mimi, shemeji. Nilikuwa nataka..."

Mjane aliweka kidole mdomoni. Alitoa betri mwenyewe, akaifuta matone, akaipandisha ngazi akiwa ameikumbatia, na juu mlangoni akamwonyesha Kimya kwa macho aelekee jikoni. Betri akaiacha sebuleni. Kisha akamfuata, akafunga mlango wa jikoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Ninajua ulichokuja kusema."

Kimya akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Ananieleza kila siku. Kimya kaja, Kimya kainua pikipiki, Kimya katoa betri, Kimya kasema narudi sasa hivi. Neno kwa neno. Unamjua, haruki kitu."

"Nilikudanganya, shemeji."

"Ulinidanganya." Alichukua kiazi kwenye beseni, akaanza kukimenya. "Zilikuwa dakika ngapi?"

"Kumi na tisa. Kulikuwa na foleni pale..."

"Foleni sikukuuliza."

Alimenya kiazi kizima, ganda lake likashuka refu hadi kwenye beseni. Kimya alisimama huku kofia ikimdondoshea maji viatuni. Alitamani apigwe, akasikia aibu kwa kutamani hivyo, maana kupigwa kungekuwa nafuu.

"Kinachomweka humo ni kukusubiri wewe," mjane alisema hatimaye. "Nimelifikiria sana. Hanisubiri mimi, mimi ananiona kila jioni. Akisikia sauti yako atakuwa na haja gani ya kubaki? Mimi nimezika mara moja. Mara ya pili sitaki. Utaingia, utakaa, utasikiliza, na hutafungua mdomo wako."

"Nisimwambie hata pole?"

"Hata pole."

Sebuleni kulikuwa na meza, viti viwili na kigoda kando ya mlango. Betri ilikuwa imekaa kwenye kiti kimoja, juu ya taulo lililokunjwa. Mjane akakaa kwenye kingine. Kimya akapewa kigoda.

"Bomba la jikoni umelikaza?" betri iliuliza. Ilikuwa sauti ya Msemaji, haikupungua chochote, ila ilitokea chini kidogo.

"Nimelikaza."

"Upande gani?"

"Upande wa kukaza."

"Usinijibu hivyo, kuna siku ulikaza upande wa kulegeza tukaogelea humu ndani." Akacheka peke yake. Kisha akaeleza abiria aliyembeba asubuhi, mzee mwenye jogoo kwenye mfuko, na jogoo akawika kila waliposimama kwenye taa, mpaka polisi wa barabarani akamsalimu. Mjane alicheka mahali pa kucheka. Alikuwa ameisikia habari ya jogoo zaidi ya mara mia. "Basi nikamshusha yule mzee, nikakunja pale ghalani. Mchanga, mke wangu. Nikakaa chini bila kupenda. Kimya kaja, kainua pikipiki, katoa betri, kasema narudi sasa hivi. Amefika?"

"Bado," mjane alisema.

"Ni foleni hiyo. Kimya hana tabia ya kuchelewa."

Kwenye kigoda, Kimya alifungua mdomo. Mjane akamtazama. Akaufunga. Taa moja ya kijani ikazimika, na mjane akainuka kumrudishia Kimya betri, kwa sababu lazima zibaki taa za kumfikisha mtu kabatini.

Tangu siku hiyo Kimya alimwomba Mama Kabati amwekee 417 kila jioni, na wenzake wakashukuru, maana hakuna anayependa kupoteza robo saa wakati ambao abiria wanatoka kazini. Kocha alishukuru kuliko wote. Wiki zilezile Kocha alianza kufunga kazi saa kumi na moja kamili, hata siku zenye watu wengi, na alipoulizwa alisema mgongo unamsumbua. Alicheka, lakini safari hii alicheka akiwa amechelewa.

Kimya alifika nyuma ya duka la dobi kila siku. Alifuta miguu, akakaa kwenye kigoda, akashika kofia magotini. Mjane hakumsamehe, wala hakumfukuza. Wiki ya pili alimpa kikombe cha chai. Wiki ya nne alimpa sahani, akaila palepale mlangoni, akitafuna polepole ili asisikike. Aliijua habari ya jogoo kwa moyo. Alipata kujua pia mambo yake mwenyewe aliyokuwa hayajui: kwamba Msemaji alimwona mtu wa kutegemewa, kwamba aliwahi kumwambia mkewe amtafutie Kimya mchumba, "maana yule atakuja kuoa meza yake," kwamba alikuwa anaogopa siku moja Kimya atahama mji bila kuaga na hakuna atakayegundua kwa wiki nzima. Kimya alisikiliza yote hayo akiwa hatua tatu tu kutoka kwa msemaji wake. Ilikuwa miaka mingi hajasubiriwa na mtu, na huyu aliyemsubiri hakuruhusiwa kumfikia.

"Amefika?"

"Bado."

Kisha Kimya akaishika betri kwa mikono miwili, akashuka nayo ngazi, akaitia chini ya kiti. Chumbani kwake, ghorofa ya nne, hakuweka tena betri yoyote upande wa pili wa meza. Alikula ameelekea ukutani.

Betri huzeeka, hilo hata kampuni haikulificha. Mwezi wa sita tangu ajali, 417 ilikuwa ikijaa taa tatu tu. Mwezi wa saba, mbili. Msemaji akaanza kubana maneno. Kwanza aliacha bomba. Baadaye akamfupisha jogoo, ambaye sasa aliwika mara moja tu na polisi hakumsalimu. Mwisho aliacha jogoo kabisa. Kwa mtu aliyewahi kumweleza mgeni njia ya sokoni kwa nusu saa, ilikuwa huzuni kusikiliza. Chaji kidogo aliyobaki nayo aliitumia kwa swali lake.

Jumatatu moja ujumbe ukafika: Betri namba 417 itaondolewa kazini siku ya Ijumaa. Kimya hakuwa mtu wa kwenda ofisini. Alikwenda. Msimamizi alikuwa kijana nadhifu nyuma ya kioo, mwenye adabu, aliyemkaribisha aketi ingawa upande wa wageni hapakuwa na kiti.

"Ninaiomba hiyo betri," Kimya alisema. "Ikiisha muda wake."

"Haiwezekani, kaka. Ni mali ya kampuni. Ikichakaa inakwenda kusagwa."

"Kuna mtu ndani."

"Ninafahamu." Msimamizi aligeuza kompyuta ili Kimya naye aone. Kwenye mstari wa 417 palikuwa pameandikwa: ina mtu. "Tunaweka kumbukumbu. Hizi hapa, zipo sita."

Kimya alizisoma. Hakuzijua namba nyingine, akazihesabu tena.

"Wote walikuwa wenzetu wa barabarani?"

"Wote."

"Na ule ujumbe. Linda betri kwanza. Mtaubadilisha?"

Msimamizi alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza kuonekana katika jambo zima hili.

"Tuubadilishe kwa nini? Betri zote sita zilifika salama."

Ijumaa mvua ilinyesha tena. Kimya alifika na betri yenye taa moja, nayo ikipepesa. Alimweleza mjane mlangoni, kwa kunong'ona, kwamba leo ndiyo mwisho, na kwamba betri zilizochakaa zinasagwa. Mjane hakuuliza zinasagwa vipi. Aliipokea, akaikausha pembe zote nne, akaiweka juu ya taulo. Alikaa. Kimya akaelekea kigodani kwake.

"Hapana," mjane alisema, akasimama, akamwachia kiti chake mezani. Yeye akaenda kukaa kwenye kigoda. "Leo mjibu."

"Shemeji, ulisema..."

"Ninajua nilichosema. Asisagwe huku anasubiri."

Kimya akakaa. Hakuwa amewahi kukaa mezani pale. Taa ilipepesa, na kwa muda walidhani haitasema kitu. Kisha sauti ikatoka, ndogo, imekauka.

"Amefika?"

Mjane alimtazama Kimya. Alikuwa ameshika kofia ya Kimya magotini, jinsi Kimya alivyokuwa akiishika.

Kimya alikuwa na miezi saba ya maneno. Alikuwa na pole, alikuwa na hatua ishirini, alikuwa na foleni, alikuwa na yule mtu wa ghalani na mfuko wake. Aliyatafuta yote, akapata moja.

"Nimerudi," alisema.

Taa ya kijani ikatulia, ikawaka sawasawa bila kupepesa, kama ya betri mpya.

"Umechelewa," Msemaji alisema.

Hakusema kwa hasira, wala kwa upole. Alisema vile mtu anavyosema jambo lililo wazi. Kisha taa ikazimika. Wakasubiri, wote wawili, kwa sababu Msemaji hakuwahi katika maisha yake kusema neno moja asiongeze la pili. Hakuongeza. Matone yalisikika yakianguka kutoka bomba la jikoni, ambalo lilikuwa halijakazwa vizuri.

"Basi," mjane alisema. Alilikunja taulo mara mbili, akaliweka kabatini, akafuta kiti kilichokuwa na betri ingawa kilikuwa kikavu. Machozi yalimtoka akiwa anafuta, akayaacha yatoke. Kimya alilia pia, kimyakimya, akiwa ameinamia meza, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Alipokuwa amesimama mlangoni na betri mikononi, mjane alimrudishia kofia.

"Kesho usije, shemeji."

"Sawa, shemeji."

"Sikufukuzi. Ila huna cha kuniletea."

"Ninaelewa," Kimya alisema, na alielewa. Alishuka ngazi polepole, kilo kumi na mbili, hata chembe haikuwa imepungua.

Chaji ilikuwa imekwisha yote, kwa hiyo aliisukuma pikipiki hadi kabatini. Ilimchukua nusu saa na zaidi. Magari yalimrushia maji, abiria wawili walimwita akatikisa kichwa, na kwenye kona ya ghala la saruji alizunguka mchanga. Alipofika, Mama Kabati alikuwa amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Alimtazama usoni, akasogeza kiti chake kumpisha.

Kimya aliinua kiti, akageuza komeo, akavuta mpini. Aliishika 417 kifuani kwa muda. Kisha akaisukuma kwenye tundu. Kabati likafikiri, likalia mara tatu badala ya mbili, na mlango ule ukajifunga kwa ufunguo. Simu yake ikatetemeka. Ujumbe ulisema: Betri 417 imepokelewa na kuondolewa kazini. Asante kwa kulinda betri.

Juu kulia mlango mwingine ukafunguka. Ndani mlikuwa na betri iliyojaa, taa nne. Mama Kabati akasoma ubavuni, 902, akainuka kutazama karatasi yake juu ya kabati. Karatasi siku hizi ilikuwa ndefu, na alikuwa ameiongezea nyingine chini yake.

"Hii nayo ni ya kupitia nyumbani," alisema. "Ni yule dada aliyeangukia kwenye reli mwezi wa tano. Anapitia kwa mama yake, ng'ambo ya reli, saa moja kasorobo."

Kimya akatazama saa. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano.

"Huwa anasema nini?"

"Hana maneno mengi. Anauliza tu kama amerudi."

"Nani?"

Mama Kabati alikunja kitambaa chake cha vumbi, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kocha," alisema.

Kimya aliichukua betri, akaitia mahali pake, akabonyeza mpaka ikalia. Akafuta kiti kwa kiwiko. Mvua ilikuwa imeanza kupungua na barabara ya kwenda relini ilikuwa bado nyeupe, haijajaa magari.

"Usichelewe," Mama Kabati alisema.

Akavaa kofia, akaondoka.